Mwache Mtoto Alitafute Kosa Lake

Daftari lililojaa wino mwekundu humfurahisha mzazi, kwa sababu linaonyesha kwamba mwalimu amefanya kazi. Shida ni hiyohiyo: kazi imefanywa na mwalimu. Mtoto aliandika "kitab", mwalimu akaliona kosa, akalizungushia duara, akaandika "kitabu" juu yake, na mtoto akabakiwa na jambo moja tu, kuhesabu alama alizokosa. Macho yaliyopata mazoezi ya kutafuta ni ya mtu mzima ambaye hakuyahitaji. Mwongozo huu unamhusu mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anayejifunza kuandika Kiswahili, na umejengwa juu ya dai moja: kusahihisha tahajia ni sehemu ya kuandika, kwa hiyo wa kuifanya ni yule anayeandika. Kazi yako wewe, mwalimu au mzazi, ni kulipunguza eneo la kutafutia mpaka liwe dogo kiasi cha mtoto kuliona kosa mwenyewe, na kujua mapema ni makosa gani hawezi kuyaona hata ukimpa siku nzima.

Dai lenyewe si jipya. Mwaka 1947 Thomas Horn wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wanafunzi wa shule ya msingi. Alilinganisha mazoezi ya kuyatamka maneno, ya kujisomea orodha ya maneno, na ya kuandika imla ambayo mwanafunzi mwenyewe anaisahihisha papo hapo huku mwalimu akiongoza. Zoezi hilo la mwisho ndilo lililobeba sehemu kubwa kabisa ya mafanikio; mengine yaliongeza kidogo tu juu yake. Huko New Zealand, katika miaka ya 1960, Marie Clay aliwafuatilia watoto wa mwaka wa kwanza wa shule walipokuwa wakisoma, akinakili kila walipokosea na kila walipojirekebisha bila kuambiwa. Wasomaji wazuri nao walikosea, ila walirudi nyuma na kurekebisha sehemu kubwa zaidi ya makosa yao kuliko wenzao waliokuwa wakisuasua. Ni kweli kwamba Horn alishughulika na Kiingereza, ambacho tahajia yake huwasumbua hata wenyewe, na Clay alichunguza kusoma, si kuandika. Hata hivyo wote wawili wanatuelekeza kwenye swali ambalo walimu wengi hawaliulizi. Tumezoea kuuliza mtoto amekosa mangapi. La kuuliza kwanza ni hili: kati ya aliyokosa, ameyagundua mangapi?

Anayefundisha kuandika Kiswahili ana bahati ambayo mwalimu wa Kiingereza hana. Irabu zetu ni 5 na kila moja ina sauti yake, na konsonanti karibu zote hutamkwa vilevile popote zinapotokea. Philip Seymour na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya, wakaona kwamba wale wanaosoma Kifini, Kigiriki, Kiitaliano au Kihispania, lugha ambazo maandishi yake hufuata matamshi, walikuwa wakiyasoma maneno karibu bila kosa kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, wakati wenzao wa Kiingereza walikuwa mbali nyuma. Kwa tahajia yake, Kiswahili kinakaa na kundi hilo la kwanza. Lakini bahati hii imetuzalia uzembe. Kwa kuwa lugha inaandikwa kama inavyotamkwa, tunadhani tahajia haihitaji kufundishwa, na mtoto anayekosea tunamwona hakuwa makini. Mwaka huohuo wa 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wao wa makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili, na tangu kwenye kichwa cha makala wakaonya kwamba kujifunza tahajia ya lugha ya namna hii si jambo dogo. Mwalimu yeyote aliyewahi kusoma insha za darasa la tatu hatabishana nao.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mtoto kutafuta, jifunze wewe kulisoma kosa. Charles Read, aliyechapisha kazi yake mwaka 1971 kuhusu watoto wa Marekani waliokuwa wakijibunia tahajia kabla hata ya kuanza shule, alionyesha kwamba watoto hao hawakuwa wakibahatisha: waliandika kile masikio yao yalichosikia, kwa mpangilio ambao mtu mzima hausikii tena. Katika Kiswahili tofauti ya asili ya makosa ndiyo ufunguo. Yapo makosa ya mkono, ambapo mtoto anaijua sauti, anaisikia, ila kalamu imeiruka. Yapo ya sikio, ambapo anaandika sawasawa kabisa na anavyotamka, lakini anavyotamka sivyo kitabu kinavyotamka. Na yapo ya makubaliano, ambapo sikio halina la kusema kwa sababu jambo lenyewe liliamuliwa na watu, kama vile mahali pa kuacha nafasi kati ya maneno. Ukimwambia mtoto "soma tena uone ulipokosea" bila kujua kosa ni la aina gani, mara nyingi unampa kifaa ambacho hakifanyi kazi, kisha unamlaumu kwa kushindwa.

Tuanze na makosa ya mkono, kwa kuwa ndiyo mengi na ndiyo yanayompa mtoto ushindi wa haraka. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, lakini si kusoma kwa kawaida. Mtoto akisoma alichoandika hasomi karatasi, anasoma alichokusudia. Ameandika "nilkwenda sokni", naye anakusomea "nilikwenda sokoni" bila kusita, na anaamini macho yake. Lazima usomaji uvunjwe mwendo. Mpe kijiti au kidole kipite chini ya kila silabi, na sheria iwe kwamba mdomo hauruhusiwi kutamka kitu ambacho kidole hakijakigusa. Funika mstari wa chini kwa karatasi ili macho yasikimbilie mbele. Akiwa amezoea hadithi yake mno, aanze na neno la mwisho arudi nyuma mpaka la kwanza, maana hapo hadithi haipo tena ya kumbeba. Jambo linalosaidia kuliko yote ni muda: kilichoandikwa asubuhi kisomwe baada ya mapumziko, au kesho yake, mwandishi akishaanza kuwa mgeni kwa maandishi yake. Na jirani wa dawati ana kazi yake hapa. Asisahihishe, asome kwa sauti kile kilichoandikwa hasa, hata kama ni upuuzi. Mwenye daftari akisikia "sokni" kutoka kinywa cha mwingine, anashtuka mwenyewe.

Kiswahili kina kipimo kingine ambacho lugha nyingi zingekitamani, na mtoto wa miaka 6 anakiweza: kupiga makofi na kuhesabu irabu. Kila silabi yetu ina irabu moja, basi idadi ya makofi ni idadi ya irabu. Neno "kinachopikwa" lina makofi 5, ki-na-cho-pi-kwa. Mtoto aliyeandika "kinachopkwa" akihesabu irabu zake atapata 4, na bila wewe kusema lolote ataanza kutafuta ya 5 imeangukia wapi. Maneno ya kukopa kama "daftari" na "labda" nayo yanatii kanuni. Isiyotii ni ile m au n inayosimama peke yake kama silabi: "mtu" ni makofi 2 kwa irabu 1, na "nchi" vilevile. Mweleze hivyo tu, kwamba hapo m imepewa kofi lake, ataelewa. Kipimo hiki kinakamata pia irabu zinazofuatana, ambazo watoto huzimeza: "kondoo" ni ko-ndo-o, makofi 3, na aliyeandika "kondo" amepungukiwa na moja, "mguu", "choo" na "taa" hivyohivyo. Ongeza swali la pili, jepesi zaidi: je, kila neno limeishia kwa irabu? Ukiacha majina ya watu kama Salim au Rajab, neno lililoishia kwa konsonanti katika daftari la darasa la kwanza karibu kila mara limekatika mkia. Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba havihitaji mtu aliyesoma. Bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kukaa na mjukuu, akampigia makofi ya neno na kumwuliza kama irabu zimetimia.

Makofi hayatasaidia pale konsonanti zinapojibana ndani ya silabi moja. Hapo ndipo watoto huandika "kunwya", au huiangusha w na kuandika kwamba baba alitaka kunya chai, kosa ambalo darasa zima hulipokea kwa kicheko na mwandishi hulikumbuka maisha yake yote. Kwa silabi hizi (nywa, mbwa, ngwa, shwa, ndwa) afadhali kujenga kuliko kutafuta: mtoto aanze na "wa", aongeze "nya", azisome zote mbili taratibu kisha kwa haraka, mpaka asikie w inakaa wapi. Ng' yenye kibainishi nayo inataka kuoanishwa na ng isiyo nacho. Mwambie asome "ngombe" kama ilivyoandikwa, kwa ng ya "ngoma", na asikie kwamba mnyama huyo hayupo. Mtoto anayesomewa hivi mara kadhaa huanza kukirudisha kibainishi bila kukumbushwa.

Sasa yaje makosa ya sikio, ambayo ndiyo yanayowaumiza watoto wengi wa bara na ndiyo tunayoyashughulikia vibaya kuliko yote. Lugha nyingi za Kibantu zina sauti moja tu pale ambapo Kiswahili kina mbili, l na r. Kikuyu hakina l kabisa. Mtoto aliyekulia humo anaweza kuandika "karamu ya risasi" akikusudia kalamu, na akisoma kwa sauti mara 10 atasikia mara 10 kwamba yuko sawa, kwa sababu kweli ndivyo anavyosema. Huyohuyo huenda akatatizwa pia na "boga" na "mboga". Mzungumzaji wa Kikalenjin ana taabu na p na b, kwa kuwa lugha yake haitenganishi maana kwa sauti hizo. Pengi bara dh huwa z na th huwa s, h huanguka mwanzoni mwa neno au hujipachika pasipo pake. Hili si jambo la akili wala la uvivu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia vitabu viandikwe hivyo. Tahajia tunayoidai imefuata masikio ya watu wa kisiwa kimoja. Hata mtoto wa Mombasa, ambaye nyumbani kwao nchi huitwa "nti", ana mahali ambapo sikio lake na kitabu vinaachana. Yule wa Murang'a au wa Kericho anayo mengi zaidi, basi.

Kwa makosa haya sikio listaafu, macho na maana vichukue nafasi. Maana kwanza: mpe mtoto maneno mawili mawili ambayo herufi moja inayatenganisha, na kila moja alichore. "Kula" na "kura", "mahali" na "mahari", "kalamu" na "karamu". Kwa wakubwa kidogo "dhana" na "zana", "thamani" na "samani", "haya" na "aya". Akishachora sahani chini ya "kula" na sanduku la kupigia kura chini ya neno la pili, herufi imepata sababu ya kuwepo. Kisha macho: awe na kidaftari chake kidogo chenye ukurasa wa l na ukurasa wa r, na kila neno analolikosa mara ya pili liingie huko kwa mkono wake. Maneno 5 kwa wiki yanatosha. Wakati wa kusahihisha hasomi tena kwa sauti. Anapitisha macho kwenye maandishi akitafuta kila l na kila r, anaweka nukta chini yake, na kila yenye nukta anajiuliza: nimeliona wapi neno hili? Kama lipo kidaftarini, analinganisha. Kama halipo, anauliza. Kuuliza huku kulipwe sifa, maana mtoto anayeshuku pahali panapostahili kushukiwa amekwisha kuvuka nusu ya njia. Na wewe mwalimu jichunguze. Kama imla yako inatoka kinywani ikiwa na "karamu ya wino", kosa la daftarini ni lako, na kuligongea alama mtoto ni dhuluma. Kabla ya imla pitia orodha yako kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, hasa maneno yenye herufi zinazokutatiza wewe mwenyewe.

Kundi la makubaliano lina mambo mawili ya kuanza nayo, mengine yasubiri. Moja ni y na w zinazojiingiza kati ya irabu. Ukisema "chukua" au "tumia" kwa kawaida, kuna kasauti kembamba kanakopita katikati, na mtoto mwenye sikio zuri anakasikia na kukaandika: "chukuwa", "tumiya", "kiyatu". Ni kosa la anayesikia vizuri mno, na mabango ya maduka mitaani yanalo pia. Makofi hayatalikamata kwa sababu idadi ni ileile. Hapa hakuna ujanja, ni kukariri maneno machache yanayorudi kila siku, huku ukimwonyesha kwamba "kua" na "kuwa" ni mambo mawili. La pili ni nafasi kati ya maneno: "ana soma", "nyumba ni" kwa maana ya nyumbani, "kwasababu", "kwahiyo". Mfundishe kujaribu kuchomeka neno. Kati ya "kwa" na "sababu" unaweza kuchomeka "ile", ukapata "kwa ile sababu", basi ni maneno mawili. Kati ya "ana" na "soma" huwezi kuchomeka chochote. "Ana leo soma" hakuna anayesema. Vivyo hivyo "nyumba hii ni kubwa" inakubali, lakini "niko nyumba hii ni" inakataa, kwa hiyo "nyumbani" ni neno moja. Watoto hulifurahia jaribio hili kwa sababu linazaa sentensi za kuchekesha. Ama kuhusu "aliye" na "alie", "nilivyo" na "nilivo", mwache wa darasa la kwanza apumue. Hayo yana kanuni za sarufi ambazo hajazifikia.

Ukishajua ni kosa la aina gani, njia ya kulirudisha kwa mwenyewe ni kwa ngazi. Baada ya mtoto kumaliza ukaguzi wake, wewe usiguse neno lolote. Andika pembeni mwa mstari idadi ya makosa yaliyobaki, "2" au "1". Ajue kuna kitu, ajue kimo katika mstari gani, atafute. Akishindwa, mpigie mstari neno zima. Akishindwa tena, mwonyeshe silabi. Ya mwisho kabisa ndiyo kumwambia. Kosa la mkono kwa kawaida halifiki ngazi ya pili. Kosa la sikio unaweza kulishusha haraka mpaka chini bila aibu, kwa kuwa hana njia ya kulijua. Asifute kwa raba. Akate kwa mstari mmoja na kuandika juu, ili ninyi wote wawili muone wiki ijayo ni aina gani inarudiarudia. Kisha neno lililosahihishwa alitazame, alifunike, aliandike, alifunue na kulinganisha. Mara mbili zinatosha. Adhabu ya kuandika neno mara 20 haina kazi: kila mwalimu ameona mtoto akiteremka na safu nzima ya k, kisha safu ya i, kisha safu ya t, mkono ukishona na akili ikiwa nje uwanjani.

Wapo watakaosema kwamba mtoto akiachwa na neno lililokosewa mbele yake, kosa litaganda. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana kila kosa lililochaguliwa lazima liishie kwenye neno sahihi lililoandikwa na mtoto mwenyewe siku ileile. Lakini kosa halikuzaliwa kwenye karatasi. Lilikuwa tayari kichwani, na kulifunika kwa wino wa mtu mwingine hakuling'oi. Kinachogandisha ni kusahihishwa bila kushughulika, pale mtoto anapofunga daftari bila hata kusoma kilichoandikwa juu ya neno lake. Katika imla basi fuata alichofanya Horn: usikusanye madaftari. Andika maneno ubaoni silabi kwa silabi, kila mtoto alinganishe na lake kwa penseli ya rangi nyingine. Wengine watabadilisha kimyakimya ili waonekane hawakukosa. Hiyo ni ishara kwamba imla yako bado inatoa alama. Iondolee alama, na badala yake hesabu makosa waliyoyavumbua. Udanganyifu hukosa faida.

Pingamizi zito kuliko yote ni idadi. Darasa lina watoto 80, dakika ni chache, nani ataweka tarakimu pembeni mwa kila mstari? Ukweli ni kwamba njia ya wino mwekundu ndiyo isiyowezekana katika darasa la 80. Inafanywa kwa kupitisha alama ya vema juu juu, na kila mtu anajua. Kwa njia hii ukaguzi wa kwanza wanaufanya watoto 80 kwa wakati mmoja, kwa makofi, kidole na jirani. Wewe chukua madaftari 10 tu kwa siku na uyasome kwa undani. Katika siku 8 za shule umelimaliza darasa lote, na umejua wiki ijayo ufundishe nini. Usikague insha nzima. Chagua aya moja, na aina moja ya kosa kwa wiki: wiki hii irabu zilizopotea, ijayo l na r. Makosa mengine yaliyomo yaache, hata kama mkono unakuwasha. Kwa mkuu wa shule au mzazi atakayeuliza kwa nini "sokni" imepitishwa bila alama, andika juu ya ukurasa kilichokaguliwa: "Leo tumetafuta l na r." Mstari huo mmoja huzuia malalamiko mengi.

Wengine wana wasiwasi wa upande wa pili, kwamba mtoto anayewinda makosa ataogopa kuandika, atachagua maneno mafupi anayoyajua na kuliacha "mng'ao" kwa sababu ya kile kibainishi. Inatokea, hasa kwa watoto wanaopenda kusifiwa. Kinga yake ni kutenganisha nyakati. Wakati wa kuandika, tahajia haipo. Neno lisilojulikana linaandikwa kwa kubahatisha na kuwekewa nukta, kazi inaendelea. Wakati wa kukagua, hadithi haipo. Zipo silabi tu. Kuna pia wanaosema simu itasahihisha, kwa nini tusumbuke. Programu za simu, kama mtumiaji yeyote wa Kiswahili ajuavyo, zina tabia ya kuligeuza neno letu kuwa la Kiingereza na kulituma hivyohivyo, na anayeokoka ni yule anayesoma alichoandika kabla ya kubonyeza.

Atabaki mtoto ambaye muhula mzima umepita na bado hapati kosa hata katika mstari wa maneno 4. Usimwongezee imla. Anza na mwili: asomewe maneno akiwa amekupa kisogo, uone kama anasikia, anakili sentensi kutoka ubaoni akiwa mbele na akiwa nyuma, uone kama anaona. Ukishuku lolote, mzazi aambiwe waende kituo cha afya. Kama masikio na macho ni mazima, rudi kwenye silabi zenyewe, ba be bi bo bu, kisha zenye konsonanti mbili. Mara nyingi utagundua kwamba anaimba orodha bila kuzitambua zikichanganywa, na mtoto asiyeitambua silabi hawezi kugundua kwamba imekosekana. Apewe vikadi vya silabi ajenge maneno mezani kabla ya kurudi kwenye kalamu. Kikadi kilichokosewa huondolewa na kuwekwa kingine bila kuacha doa. Asipopiga hatua hata hapo, katika wiki 6 au 8 za kufundishwa peke yake dakika chache kila siku, mpeleke kwa mwalimu wa elimu maalumu aliye karibu pamoja na madaftari yake yote, yale yenye maneno yaliyokatwa kwa mstari mmoja, kwa kuwa humo ataona kinachorudiarudia kuliko katika maelezo yoyote utakayompa.